Mtoto Aingiapo Chuo cha Askari: Wajibu wa Wazazi Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Somo letu ni juu ya wazazi ambao mtoto wao amekubaliwa kuingia Chuo cha Kijeshi cha Kenya kilichoko Lanet, karibu na Nakuru, wanakofundishwa vijana watakaokuwa maofisa. Kwa mtu wa Mombasa hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 600, na kijana akishaingia huko, saa ya kulala, ya kula na ya kuzungumza na wazazi wake si yake tena. Basi majumbani mwetu hutokea makosa mawili: wako wazazi wamng'ang'aniao kana kwamba bado ananyonya, na wako wamtupao wakisema, "Sasa ni mtoto wa Serikali."

Natuisome Sura ya Al-Qasas, aya ya 7 mpaka ya 13. Mama yake Musa (A.S.) alifunuliwa amnyonyeshe mwanawe, na atakapomhofia amtie mtoni, wala asiogope wala asihuzunike, kwani atarejezewa. Qur'ani haikuficha kwamba moyo wake ulibaki mtupu, hata akakaribia kuidhihirisha siri yake lau Mwenyezi Mungu hakumtia nguvu. Basi huzuni ya mzazi si upungufu wa imani. Lakini tazameni alilolifanya baadaye: alimwambia dada yake Musa amfuate, naye akamwangalia kwa mbali bila ya watu kutambua. Hivyo mama alimwachia mwanawe kwa mkono, asimwachie kwa jicho. Hilo ndilo funzo letu.

Ama juu ya umri, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Abdullahi bin Umar alihudhurishwa mbele ya Mtume (S.A.W.) siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), naye ana miaka 14, asimruhusu kupigana, akahudhurishwa tena siku ya Khandaq naye ana miaka 15, akamruhusu. Basi mtoto ana wakati wa kuzuiwa na wakati wa kuachiliwa, na kipimo ni uwezo wake, si mapenzi yetu.

Katika hayo twapata mambo manne ya kutendwa.

Kwanza, kijana asifungwe hirizi wala asichinjiwe kafara ya kumkinga na risasi. Musa hakutiwa mtoni na hirizi. Aombewe ile dua ya kumuaga msafiri aliyoifundisha Mtume, ambayo kwayo dini yake, amana yake na mwisho wa vitendo vyake huwekwa kwa Mwenyezi Mungu.

Pili, asinunuliwe nafasi kwa rushwa, wala baba asiwaendee wakubwa kumwombea apunguziwe mazoezi. Ofisa huyo kesho atakabidhiwa roho za watoto wa wenzetu; akiwa hakustahili cheo chake, ni nani atakayeulizwa juu ya roho hizo?

Tatu, mzazi apatapo kuzungumza naye, asimuulize habari za chakula na uchovu tu, bali amuulize na sala yake. Amkumbushe kuwa mkubwa hutiiwa katika mema, wala hatiiwi kiumbe katika kumuasi Muumba.

Nne, akishindwa na mafunzo akarudi nyumbani, asipokewe kwa masimango. Aliyeachiliwa kwa heshima hupokewa kwa heshima.

Limebaki jambo moja zito. Ahadi ya kurejezewa mtoto hapa duniani alipewa mama yake Musa, sisi hatukupewa. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, na tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, wakafa wengi waliokuwa na mama na baba. Mzazi asijidanganye juu ya hilo, wala asimtie kijana woga kwalo. Ajue tu kwamba mtoto hakuwa milki yake hata siku moja aliyolala kifuani pake. Alikuwa amana, na Mwenyewe hakuwa mbali naye nyumbani, wala hatakuwa mbali naye Lanet.

Wabillahi taufiq.