Hisia Nzito: Kuzitambua Kabla Hazijaulemea Mwili

Katika kata ya Kang'ata, wilayani Handeni, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Handeni na Korogwe, kaya nyingi hutegemea mvua na mahindi. Mvua ikikatika kabla mahindi hayajabeba, hakipotei chakula peke yake. Hupotea pia usingizi, subira na maelewano ya nyumbani. Hasira, hofu na huzuni zinazofuata si udhaifu wala si ugonjwa. Ni ishara kwamba kitu chenye thamani kimepotea au kimo hatarini.

Mtu anapoingiwa na hofu au hasira, mwili humimina adrenalini katika damu: moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi hufupika. Hali hiyo ikijirudia siku nyingi, mtu hufika zahanati akilalamikia kichwa, kifua au tumbo. Kipimo cha malaria kisipoonyesha vimelea, mhudumu asimwandikie dawa ya malaria. Pamoja na kutafuta sababu nyingine za maumivu, amuulize pia kwa upole: "Usingizi ukoje? Ni jambo gani linalokulemea nyumbani?"

Mgonjwa naye anaweza kufuata hatua nne. Kwanza, aitaje hisia kwa jina lake, kwani mara nyingi hasira hufunika huzuni au aibu. Pili, autulize mwili kabla ya kusema neno: avute pumzi taratibu, kisha aitoe kwa muda mrefu zaidi, kwa dakika chache. Tatu, atenganishe linalowezekana na lisilowezekana. Mvua haiamrishwi, lakini mdai anaweza kuombwa muda. Nne, amwendee mtu anayetunza siri. Pombe si dawa. Huahirisha huzuni usiku, na asubuhi huirudisha pamoja na deni.

Kusikilizwa kuna nguvu iliyothibitishwa. Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki, ambapo akina bibi waliofunzwa huwasaidia watu kutatua tatizo mojamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, baada ya miezi 6, waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hata hivyo, huzuni au kukosa hamu ya mambo karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na kukosa usingizi, nguvu au matumaini, huweza kuwa sonona, nayo hutibika. Mgonjwa akidokeza kwamba maisha hayana maana, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wilayani Korogwe ipo Hospitali ya Lutindi, inayowahudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kumpeleka mtu huko si aibu kwa ukoo, kama vile si aibu kumpeleka aliyevunjika mguu.