Kupandikiza Injini Katika Gari Kuukuu: Somo Kutoka Milima ya Rungwe

Barabara itokayo Uyole, nje kidogo ya Mbeya, hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari inapopita Isongole. Kisha huteremka hadi Tukuyu, penye mita zipatazo 1,600, na kuendelea kuteremka mpaka Kyela na Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya mita 500. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mahali pa kufundishia kani, nishati na kanieneo hana haja ya kwenda mbali. Na asimame kando ya barabara hiyo, asikilize magari.

Miongoni mwa magari hayo zimo Land Rover za zamani, zile zilizotengenezwa kati ya 1948 na 1985, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa punda wa serikali, misheni na mashamba ya chai. Mwili wa gari hilo ni wa aloi ya alumini, kwani chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo mwili hauliwi na kutu, ilhali injini huchoka. Mwenye gari hujikuta ana gari zima lenye moyo uliochakaa, naye hutamani kulipandikiza injini ya siku za baadaye. Makala haya yanaeleza mambo ambayo fundi hana budi kuyapima kabla ya kuifungua hata nati moja.

Tuanze na injini yenyewe. Injini ya petroli iliyoenea sana katika Land Rover hizo ilikuwa na silinda nne, kila moja yenye kipenyo cha milimita 90.47 na mwendo wa pistoni wa milimita 88.9. Mwanafunzi akikokotoa ujazo wa silinda zote nne atapata sentimita za ujazo 2,286. Nguvu yake ilikuwa kama kilowati 57, na momenti yake ya kuzungusha kama nyutoni-mita 168. Mwaka 1989 kampuni hiyohiyo ilitoa injini ya dizeli iitwayo 200Tdi, na mwaka 1994 ikafuata 300Tdi. Kipenyo cha silinda kilibaki milimita 90.47, lakini mwendo wa pistoni ukawa milimita 97. Akikokotoa tena atapata ujazo wa takriban 2,495. Ongezeko hilo ni dogo, lakini injini ya 300Tdi ilitoa kilowati 83 na momenti ya nyutoni-mita 265. Tofauti hiyo kubwa haikuletwa na ukubwa wa silinda. Ililetwa hasa na tabochaja, au tabo kama mafundi wasemavyo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kushindilia hewa ndani ya silinda.

Hapa ndipo milima ya Rungwe inapoingia katika hesabu. Usawa wa bahari kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101. Kwenye mita 2,200 ni karibu 78 tu, yaani asilimia 77. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa kutegemea kanieneo hiyo peke yake. Hewa ikipungua, mafuta yanayoweza kuungua nayo hupungua, na nguvu hupungua kwa kiasi hichohicho. Kilowati 57 za kiwandani huwa 44 kileleni.

Je, 44 zatosha? Tuchukue gari lenye tani 2, likipanda kwa kilometa 60 kwa saa mahali ambapo barabara huinuka mita 8 kwa kila mita 100. Kuinua uzito wake peke yake kunataka kilowati 26. Ukinzani wa magurudumu na wa hewa, kwa makadirio yangu, huongeza 11. Jumla ni 37. Lakini gia, propela na difu navyo hula sehemu yake. Tukikadiria asilimia 15, injini yapaswa kutoa karibu kilowati 44. Hivyo injini ya zamani, ikiwa mpya kabisa, ndiyo kwanza inafika. Ikichakaa, dereva hana njia ila kurudi gia ya chini na kupanda polepole, huku rejeta ikitokota. Wazee walioendesha magari hayo hawakuwa wavivu wa kukanyaga mafuta.

Sasa tutazame injini yenye tabo. Tuseme tabo huongeza kilopaskali 80 juu ya hewa ya mahali. Usawa wa bahari silinda hupata 181, na kwenye mita 2,200 hupata 158. Upungufu ni asilimia 13 tu, badala ya 23. Fundi anayechagua injini isiyo na tabo, kama vile Toyota 3L ya lita 2.8 inayopatikana kwa urahisi, na akumbuke kwamba pampu ya dizeli iliyorekebishwa kwa ajili ya Dar es Salaam itamwaga Isongole mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Ziada hiyo hutoka nyuma kama moshi mweusi. Watu husema gari lina nguvu mpaka linafuka moshi; ukweli ni kwamba linatupa fedha hewani.

Kuhusu kuunganisha, 200Tdi ina sifa inayowafurahisha mafundi: bloku yake ni ya ukoo uleule wa injini za zamani, hivyo hufungwa kwenye giaboksi ya zamani bila bamba la kati la kuchongwa. Injini ya Toyota huhitaji bamba hilo, nalo lisipochongwa kwa usahihi, mhimili wa injini na mhimili wa giaboksi havitakuwa kwenye mstari mmoja, na klachi na beringi vitaliwa mapema. Injini hizi zote zina pampu ya kimakenika. Zile za baadaye, kama Td5 iliyotoka mwaka 1998, huongozwa na kompyuta, na mwenye kuzipandikiza hana budi kupandikiza pia kompyuta na nyaya zake. Kwa gari la shamba mimi singeshauri. Umeme nao uangaliwe: Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1967 zilifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, ilhali oltaneta ya injini mpya hutaka ncha hasi.

Giaboksi ya zamani itapokea momenti mara 1.6 ya ile iliyobuniwa kuibeba. Katika gia za chini kabisa matope ya Mwakaleli huisaidia, maana gurudumu huteleza kabla chuma hakijakatika. Hatari iko katika gia za juu, kwenye mpando mrefu mkavu, ambapo mzigo hudumu kwa dakika nyingi bila kupumzika. Baadhi ya mafundi huondoa difu ya uwiano wa 4.7 na kuweka ya 3.54, ili injini izunguke polepole zaidi kwa kasi ileile ya gari. Mwanafunzi na akokotoe: injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.4, na sanduku la pili la gia lenye uwiano wa 1.15, gari litakwenda kilometa ngapi kwa saa kwa kila difu? Atapata takriban 107 na 141. Jibu la pili na limtie hofu, kwa sababu breki ni zilezile za zamani.

Naam, tumefika kwenye breki, na katika mambo yote haya hakuna linalopuuzwa zaidi. Kutoka Tukuyu hadi Kyela gari huteremka mita zipatazo 1,100. Gari la tani 2 hupoteza nishati ya megajuli 21.6, ambayo sehemu kubwa lazima igeuke joto mahali fulani. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita 64 za maji zilizoanza na nyuzi 20. Dereva asiyetumia gia hulimwaga karibu lote katika ngoma nne za chuma. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi hunyonya unyevu, huchemka mapema, na mapovu yake hubanwa kama hewa: pedeli huzama mpaka sakafuni na gari halisimami.

Injini ya dizeli huongeza mambo mawili hapa. Wengi huamini kwamba dizeli huzuia gari vizuri kwa sababu hubana hewa mno. Lakini hewa iliyobanwa hufanya kama springi: hurudisha sehemu kubwa ya nishati pistoni inaposhuka. Injini ya petroli, kabureta yake ikifungwa, huvuta dhidi ya ombwe, na nishati hiyo hairudi. La pili ni kwamba gari lenye kisaidizi cha breki hutumia ombwe hilohilo kumpunguzia dereva kazi ya mguu. Dizeli hainyonyi kupitia mlango uliofungwa, hivyo haina ombwe la kutosha, na ni lazima iwe na pampu yake ya ombwe. Fundi akiisahau pampu hiyo, dereva ataligundua kosa kwenye mteremko. Ndiyo maana nashikilia kwamba fedha ya kwanza ya mwenye gari iende kwenye breki, ya pili kwenye chesesi, ambayo ni ya chuma na huoza kwa mvua za Rungwe, na ya tatu ndiyo iende kwenye injini. Aghalabu mpango huwa kinyume. Hali kadhalika, kadi ya usajili huonyesha namba ya injini, kwa hiyo mabadiliko hayana budi kupelekwa Mamlaka ya Mapato ili kadi irekebishwe.

Shule isiyo na gari yaweza kuanza na sufuria. Maji safi yachemshwe Tukuyu na kupimwa kwa themomita, na shule ya Kyela ifanye vivyo hivyo. Tukuyu yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na Kyela kwenye 98 na kitu. Tofauti hiyo yatokana na kanieneo ileile iliyoilegeza injini ya petroli pale Isongole, nayo ndiyo sababu kifuniko cha rejeta kina springi. Wanafunzi wabadilishane majibu kwa barua, kisha kila upande ujaribu kukadiria kimo cha mwenzake.