Jinsi Mfupa Unavyoshika Jino la Bandia

Katika ardhi ya Kabanga, wilayani Ngara, mna nikeli, madini ambayo huchanganywa na chuma ili kisishike kutu upesi. Mwanafunzi wa huko ana haki ya kuuliza: mbona basi haitumiki kutengenezea kipandikizi, yaani skrubu ipandwayo katika mfupa wa taya ili ibebe jino la bandia? Kutoshika kutu pekee hakutoshi. Nikeli huwaletea watu wengine mzio. Tena kinachotakiwa ni metali ambayo mfupa utakubali kushikamana nayo.

Metali hiyo ni titaniamu, na sifa yake iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952, huko Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alipachika vifaa vya titaniamu katika mifupa ya sungura apate kuchunguza mzunguko wa damu. Alipotaka kuviondoa havikutoka. Mfupa ulikuwa umekwisha kuvishika. Mwaka 1965 alimpandia binadamu wa kwanza. Titaniamu ikikutana na hewa hujifunika utando wa oksidi, wenye unene wa sehemu chache tu kati ya sehemu milioni moja za milimita. Seli za mfupa hukutana na utando huo, wala si metali yenyewe.

Lakini uso laini haushikiki vyema. Fundi wa Biharamulo, kabla ya kupiga lipu, huuchanja ukuta wa udongo ili lipu ipate pa kung'ang'ania. Vivyo hivyo kipandikizi hupigwa kwa chembe ngumu, kisha huchovywa katika asidi.

Wataalamu wengine hukipaka haidroksiapatiti, mchanganyiko wa kalsiamu na fosfati unaofanana na madini ya mfupa. Unga wake hurushwa kwa gesi yenye joto kali mno, ukaganda juu ya metali. Mfupa huukaribia upesi. Taabu ni kwamba tabaka nene laweza kubanduka, kama lipu iliyoshika vizuri kila kitu isipokuwa ukuta! Kwa sababu hiyo wengi siku hizi hupendelea uso uliokwaruzwa tu, na mimi naona wana haki.

Brånemark alisubiri miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu. Kipandikizi kikitikiswa mapema mno, huzungukwa na nyama laini badala ya mfupa, nacho hulegea.

Darasani, pakeni saruji pande zote mbili za kigae, upande unaong'aa na ule wa nyuma wenye mikwaruzo. Inyunyizieni maji kwa siku 7, kisha jaribuni kuibandua kwa msumari.