Nani Anakula Kuku Wetu Usiku?

Wengi wetu tuliopanga nje ya chuo tuna kuku wa kienyeji wachache nyuma ya geto. Bumu likichelewa, jogoo mmoja anasukuma wiki. Mimi ninao kumi na sita. Jirani yangu alipopoteza mitetea saba usiku mmoja, ilikwenda na hela yake ya chumba.

Kabla hujanunua chochote, soma mzoga. Kuku akitoweka mzima, bila damu wala manyoya, fikiria chatu, au mtu. Harufu kali inayoganda puani ni ya kicheche. Mbao zikiwa zimeng'olewa au pamechimbwa, huyo ni nyegere, na nyegere hana aibu. Nguchiro tunamsingizia mno; wengi tunaowaona huwinda mchana.

Wale saba wa jirani walikutwa wameliwa vichwa na shingo, miili imeachwa. Nikasema kanu. Tulipozunguka banda tukaona mwanya kati ya ukuta na bati, na kichwa cha kanu kikipita, mwili wote unapita. Sasa jamani, mnyama wa kilo mbili hivi anauaje saba? Kuku gizani haoni vizuri, hivyo hakimbii. Anakaa palepale kwenye fito akingoja zamu yake.

Ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke. Adui haumsumbui sana. Mbwa anauchana, panya anapita. Tafuta wavu mzito wa kuchomelewa, tundu la nusu inchi, na usiuishie ardhini. Ukunje kuelekea nje, ufukie kama sentimita 30. Mchimbaji huanzia ukutani, kwa hiyo atagonga waya. Hela haitoshi? Inua banda mita moja juu ya nguzo, kila nguzo izungushie bati laini, panya ateleze.

Kazi ngumu kwetu ni mlango. Kuku huingia wenyewe jua likizama, wakati sisi tuna kipindi mpaka saa moja usiku. Pangeni zamu na wenzako wa nyumba, na komeo liwe la kukaza, si kamba. Pumba zilizobaki zitoeni: zinaita panya, na panya anaita nyoka.

Sumu hapana. Atakayeila ni mbwa wa mwenye nyumba, au bundi anayekupunguzia panya bure.