Kuihasibu Nafsi na Kuzipima Khabari za Ghaibu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani; na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul-Hashri, aya ya 18, kwamba kila nafsi itazame iliyoyatanguliza kwa ajili ya kesho. Kutazama huko ndiko wanavyuoni walikokuita muhasaba, yaani mtu kufanya hisabu na nafsi yake. Al-Harith al-Muhasibi, mzaliwa wa Basra aliyefariki Baghdad mwaka 857, aliipata lakabu yake kwa wingi wa kujihasibu. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameliwekea jambo hili kitabu kizima ndani ya Ihya Ulumiddin, akaifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi huwekewa masharti, mchana huangaliwa, na jioni hisabu hufanywa.

Mfano huu hauhitaji kufunuliwa kwa mwenye duka wa Ubungo. Yeye hafungi mlango jioni kabla ya kujua kilichoingia na kilichotoka, na shilingi ikipungua huitafuta. Walakini ulimi wake uliomsengenya jirani, na mizani yake aliyoipunja, hulala navyo bila ya kuviuliza.

Na asiyeizoea nafsi yake hawezi kuipambanua sauti yake na sauti nyingine. Qurani imeitaja nafsi kwa hali tatu: iamrishayo maovu, katika Suratu Yusuf, ijilaumuyo, katika Suratul-Qiyama, na iliyotulia, katika Suratul-Fajri. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ndoto ni namna tatu: bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Basi kila linalomjia mtu moyoni au usingizini lina milango mitatu, na si haki kuyaita yote ilhamu.

Pwani hii ina kisa chake. Mwaka 1908, mwaka mmoja baada ya kwisha vita vya Maji Maji, ulienea Lindi na miji mingine ya pwani waraka ulioitwa Barua ya Makka. Ndani yake alitajwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, kwamba amemwona Mtume usingizini akampa wasia: Kiyama ki karibu, watu watubu, na waraka upelekwe mji kwa mji. Watu wakaingia khofu, na serikali ya Kidachi ikashtuka ikidhani ni fitina ya vita vipya.

Hapa ndipo penye mtihani. Waraka uliamrisha sala na toba. Ni nani awezaye kuyakataa hayo? Walakini kheri iliyomo ndani ya maneno haiwi ushahidi wa aliyeyatuma. Toba ilikwisha faradhishwa kabla ya waraka. Lililozidi ni kuunakili na kumtisha asiyeupeleka, na hilo halimo katika Kitabu wala Sunna. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amebainisha kwamba hukumu ya sheria haithubutu kwa ndoto, kwani aliyelala hayumo katika hali ya kudhibiti asikiayo. Hata hivyo waraka haukufa. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliuandikia risala ya kuukanusha, na hata leo hupita katika simu za watu. Mtu huupeleka kwa ishirini kisha akalala akidhani ametubu, na deni la watu lingali shingoni mwake.

Basi mizani ni tatu. Ya kwanza, neno lipimwe kwa Qurani na Sunna, kwani dini imekwisha kamilishwa. Ya pili, achunguzwe mletaji, kama ilivyoamrishwa katika Suratul-Hujurati, aya ya 6. Na huingia humu pepo apandaye kichwani akasema kwa kinywa cha mtu, na mganga aombaye fedha kwa neno hilo. Ya tatu, nayo ndiyo iliyo nzito, mtu aiulize nafsi yake: Mbona neno hili limenipendeza? Lanisukuma kulipa haki, au laniondolea uzito wa kuilipa?

Mfano wake ni mtu aliyekwisha azimia kuoa, kisha akasali istikhara, akaota akipendacho, akasema ameamrishwa. Hadithi ya istikhara aliyoipokea Bukhari kwa Jabir imetaja rakaa mbili na dua, wala haikutaja ndoto. Mtu huyo hakutaka shauri kwa Mola wake. Alitaka shahidi wa matamanio yake.

Kwa hiyo baada ya sala ya Isha, kabla ya kulala, na ajiulize Muislamu mambo manne: Faradhi gani imenipita leo? Nani nimemdhulumu? Tumbo langu limeingia nini? Na lipi nimelitenda ili nionekane? Likipatikana kosa, na alete istighfari. Na ikiwa ni haki ya mtu, na airudishe kesho yake, kwani istighfari hailipi deni. Atakayedumu na hisabu hii ataijua sauti ya nafsi yake kama baba ajuavyo sauti ya mwanawe gizani, wala haitamdanganya kwa kujiita jina jingine.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata. Amin.