Kazi ya Mavuno Huishia Ghalani

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote mavuno ni nini, atakuambia ni kuvunja mahindi shambani. Hajakosea, lakini hajamaliza. Hindi lililovunjwa likalazwa garini bado halijafika mwisho wa safari. Mvua ikilikuta hapo litaoza, na gari lenyewe haliwezi kurudi shambani mpaka limwagwe. Basi somo letu linahusu kazi ambayo watu huidharau: kupakua mahindi garini na kuyatia ghalani. Tutajifunza kwa wakulima wa Marekani, kwa sababu huko wako watu wanaoihifadhi kazi hiyo hatua kwa hatua kwa mitambo ya babu zao.

Majimbo ya Illinois, Iowa na Indiana ni kitovu cha kilimo cha mahindi nchini humo. Vyama vya wapenzi wa mitambo ya zamani huandaa maonyesho ya kuvuna. Mojawapo ya makubwa hufanyika katika mji mdogo wa Rantoul, Illinois, mwishoni mwa Agosti, kila baada ya miaka miwili, penye uwanja wa ndege uliokuwa wa kambi ya jeshi la anga ya Chanute, iliyofungwa mwaka 1993. Hapo trekta kuukuu halisimamishwi kama sanamu ya kutazamwa. Hutiwa mafuta, likawashwa, likaingia katika shamba la kweli lenye mahindi ya kweli. Na yakishavunwa, hayana budi kupakuliwa.

Wageni wengi husongamana penye mashine za kuvuna. Mimi nakuomba twende nyuma kidogo, pale magari yanapomwagwa. Hapo ndipo penye darasa.

Tuanze na vipimo

Wamarekani hupima mahindi kwa busheli. Asili yake ni kipimo cha ujazo, kama debe letu, lakini sokoni huhesabiwa kwa uzito. Busheli moja ya mahindi yaliyopukuchuliwa ni ratili 56, yaani kilo 25.4. Busheli moja ya mahindi mazima, punje zikiwa bado kwenye gunzi, ni ratili 70, yaani kilo 31.75 hivi. Mbona tofauti? Kwa sababu ratili 70 za mahindi mazima ukizipukuchua utapata ratili 56 za punje. Ratili 14 zinazobaki ni magunzi matupu. Kwa maneno mengine, mtu anayepakua mahindi mazima, katika kila kilo tano anazoinua, kilo moja ni gunzi. Iweke hesabu hiyo akilini, tutairudia.

Enzi ya beleshi

Kabla ya mashine, mkulima alivuna kwa mikono. Alijifunga kiganjani ukanda wa ngozi wenye kulabu ya chuma, akapasua maganda, akalivunja hindi, akalitupa garini. Upande mmoja wa gari uliongezwa ubao mrefu wa kukinga. Hindi liligonga ubao ule, pa! likaanguka ndani. Farasi walikuwa wakisonga na kusimama kwa kusikia sauti ya bwana wao tu. Mtu hodari aliweza kuvuna busheli 100 kwa siku. Watu waliipenda kazi hii hata ikawa na mashindano ya kitaifa tangu mwaka 1924 hadi 1941, na muda wa kila shindano ulikuwa dakika 80. Mwaka 1940 bingwa alipata zaidi ya busheli 46. Hiyo ni karibu tani moja na nusu, kwa mikono miwili!

Sasa fikiri. Busheli 100 za mahindi mazima ni kilo 3,175. Mkulima yule baada ya kuvuna hakwenda zake kulala. Ilimbidi azitupe kilo zote hizo ghalani kwa beleshi pana. Tuseme beleshi moja huchota kilo 7. Gawanya uone: ni zaidi ya mara 450 za kuinama na kuinuka. Tena kadiri ghala lilivyozidi kujaa, ndivyo alivyozidi kutupa juu. Shambani bingwa alishangiliwa na umati. Ghalani alikuwa peke yake na mgongo wake.

Ghala lenyewe nalo lilikuwa na elimu yake. Kuta zake zilikuwa za mbao zilizoachana kidogo ili upepo upite, na lilijengwa jembamba. Mahindi mazima yenye unyevu wa asilimia 20 hivi yaliweza kutiwa humo, upepo ukayakausha polepole bila gharama ya kuni wala mafuta. Ghala likiwa pana mno, upepo haufiki katikati, na mahindi ya huko huota kuvu.

Mnyororo na hopa

Jibu la kwanza la taabu ya beleshi lilikuwa mtambo wa kupandishia mahindi, ambao tunaweza kuuita eleveta. Ni mfereji mrefu uliolazwa mshazari kutoka chini mpaka juu ya paa la ghala. Ndani yake mna mnyororo uliofungwa vibao. Vibao husukuma mahindi juu, yakamwagika ghalani, nao mnyororo hurudi chini mtupu kuchukua mengine. Mwanzoni mtambo huu uliendeshwa na farasi waliokuwa wakizunguka duara. Halafu zikaja injini ndogo za petroli, na hatimaye trekta.

Chini ya mfereji pana hopa, yaani sanduku pana la kupokelea mahindi. Gari hurudishwa nyuma mpaka penye hopa, sehemu ya mbele huinuliwa kwa mashine ya kunyanyulia, mlango wa nyuma hufunguliwa kidogo, mahindi yakaporomoka yenyewe. Kazi hii yataka watu wanaoelewana. Mmoja yuko mlangoni, mwingine anainua gari, mwingine hatoki kwenye trekta. Wakiinua gari kwa pupa, mahindi humiminika yote kwa mpigo, hopa ikasheheni na mnyororo ukakwama. Ni sawa na mtoto anayelishwa uji kwa papara: hashibi upesi, hupaliwa.

Hapa pana kanuni ambayo mwalimu wa Fizikia ataifurahia. Kazi yenye hatua nyingi huenda kwa mwendo wa hatua iliyo ya polepole kuliko zote. Ukinunua mashine ya kuvuna yenye kasi maradufu, na ghalani bado una beleshi, umenunua nini? Umenunua foleni ya magari!

Trela la mteremko

Mwaka 1954 kampuni ya John Deere ilianza kuuza kichwa cha kuvunia mahindi ambacho hufungwa mbele ya kombaini. Kombaini ikawa inavuna na kupukuchua papo hapo shambani. Badiliko hili liligeuza upakuaji pia.

Jaribu mwenyewe nyumbani. Mimina punje kavu za mahindi sakafuni. Zitafanya kichuguu, na hata ukizidisha, ubavu wake hauzidi mteremko wa nyuzi 23 hivi. Punje zinazozidi huteleza. Mahindi mazima hayafanyi hivyo. Hushikana na kukingamana kama kuni. Basi mafundi walitengeneza trela ambalo sakafu yake imeinama sana kupita kiasi hicho. Ukifungua mlango wa chini, punje hutoka zenyewe kama maji. Hakuna beleshi wala cha kuinua gari.

Turudie ile hesabu yetu. Busheli 100 za mahindi mazima zilikuwa kilo 3,175. Zikipukuchuliwa shambani, garini hupanda kilo 2,540 tu, karibu magunia 28 ya kilo 90. Kilo 635 za magunzi zimebaki shambani, hakuna mgongo unaozibeba.

Je, ni faida tupu? La hasha. Wakulima walipoanza kuvuna kwa kombaini mahindi yakiwa hayajakauka vyema, hawakuweza tena kuuachia upepo kazi ya kuyakausha. Punje mbichi zikirundikwa pamoja hupata joto na kuota kuvu. Ikabidi zikaushwe kwa hewa ya moto, na moto hula mafuta, na mafuta ni pesa. Mzigo haukutoweka, ulihama kutoka mgongoni kwenda mfukoni.

Mzigo mwingine ulihamia vidoleni

Hapa ndugu zangu naomba tutulie, maana ndiyo sehemu ambayo kelele za maonyesho zinaweza kutusahaulisha. Mitambo ile ya zamani inapendeza kuitazama, lakini mashine za kuvunia mahindi za miaka ya 1940 na 1950 zilikata mikono ya watu wengi. Mabua yalikwama kati ya roli zake, mkulima akaona kuzima mashine ni kupoteza wakati, akayavuta kwa mkono. Mashine ilikuwa na kasi kuliko yeye. Alikuwa hajawahi hata kuyaachia mabua, mkono ukawa umeshakwenda nayo.

Penye kupakua pana hatari nne za kukumbuka. Ya kwanza ni shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye trekta hadi kwenye mtambo. Mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kwa sekunde moja. Ikinasa mkono wa shati, katika sekunde moja inaweza kuvuta karibu mita mbili za nguo. Hata kupiga kelele hukuwahi. Ya pili ni gari lililoinuliwa: magurudumu yasiposetwa, huteleza. Ya tatu ni mfereji mrefu wa eleveta, ambao ukihamishwa ukiwa umeinuliwa unaweza kugusa nyaya za umeme. Ya nne ni punje zenyewe. Mtoto aketipo juu ya trela la mteremko anaona mahindi yametulia. Mlango ukifunguliwa chini, punje humvuta miguu, na katika muda usiofika nusu dakika anaweza kufunikwa kabisa. Kumvuta kwa mikono hakuwezekani, kwani punje humbana pande zote.

Sheria za kazi za Marekani zinakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 16 kuendesha mashine ya kuvunia mahindi, au mtambo wa kupakulia wa trela linalojipakua kwa nguvu za mashine. Baadhi ya vijana waliopata mafunzo maalum huruhusiwa mashine fulani. Lakini sheria hiyo haimgusi mtoto afanyaye kazi katika shamba la wazazi wake. Kwa hiyo huko, kama popote pale, kinga ya mtoto wa mkulima ni busara ya baba na mama yake.

Na sisi je?

Usiseme hayo ni ya Wamarekani. Nenda Trans Nzoia au Uasin Gishu wakati wa mavuno. Utakuta trekta likizunguka boma hadi boma na mashine ya kupukuchulia nyuma yake, na kati ya hivyo viwili inazunguka shafti ileile. Utawaona vijana wa umri wetu wakilisha mahindi mdomoni mwa mashine, mmoja koti halina vifungo, mwingine kajifunga leso kiunoni. Mwenye trekta anataka kwenda boma jingine kabla ya jua kutua. Mawingu nayo yametanda. Kila mtu ana haraka, na kila haraka ina sababu.

Watu husema ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kumliwaza aliyekwisha kuumia. Si ya kumwongoza anayekwenda kazini. Mtambo ukikwama, zima trekta, ngoja shafti isimame kabisa, ndipo uingize mkono. Shafti ivikwe kifuniko chake. Nguo zinazoning'inia zivuliwe. Watoto wasikae juu ya mahindi yanayopakuliwa. Kuzima na kuwasha huchukua dakika moja au mbili. Tumekwisha kuona kwamba mavuno huenda kwa mwendo wa hatua iliyo ya polepole kuliko zote, na hakuna linalosimamisha kazi kama kumkimbiza mtu hospitalini.

Wazee wanaoendesha mitambo ya zamani pale Rantoul wanatuonyesha jinsi mzigo ulivyohama kutoka mgongoni kwenda kwenye mnyororo, na kutoka kwenye mnyororo kwenda kwenye mteremko. Kila mtambo mpya ulimwondolea mkulima taabu moja na kumwachia jambo jipya la kuchunga. Tuchukue mitambo, naam, lakini tuchukue na kuchunga kwake.

Zoezi la chamani

1. Gari lina busheli 60 za mahindi mazima. Lina kilo ngapi za punje, na kilo ngapi za magunzi?
2. Eleza kwa nini trela la mteremko halifai kwa mahindi yasiyopukuchuliwa.
3. Jadilini: "Mashine humpunguzia mkulima kazi, haimpunguzii uangalifu." Toeni mifano kutoka nyumbani kwenu.