Somo la Kikundi: Neno "Pending" na Namna ya Kungoja



Katika somo hili tunataka tulitazame neno moja la Kiingereza lililoingia vikundini mwetu bila kupiga hodi. Neno lenyewe ni "pending", na hapa Shella wengi wetu hulitamka pendingi. Twaliona kwenye barua za kuomba cheti cha kikundi, kwenye fomu za mkopo na kwenye karatasi za mashamba. Katibu akilisoma mkutanoni, mmoja husema, "Basi jamani, tumekataliwa." Mwingine naye asema, "La, tushakubaliwa, twangoja pesa tu." Wote wawili wamekosea. Wa kwanza atavunja watu moyo, wa pili atawaingiza kwenye deni.

Maana yake

Asili ya neno hili ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kuning'inia. Ni kama embe lililo mtini: halijaanguka wala halijachumwa. Kwa Kiswahili twasema jambo halijaamuliwa, au kwa mkato, "bado".

Neno hili lina matumizi mawili. Ombi likiitwa "pending", basi, bila neno jingine, maana yake ni kuwa halijaamuliwa. Lakini likifuatwa na jina la kitu, maana yake huwa "mpaka". "Pending approval" ni mpaka idhini itolewe. "Pending payment" ni mpaka malipo yafanywe. Kwa hiyo tazameni sana neno linalofuata, kwa sababu ndilo linalotaja kinachongojwa. Huenda nyinyi mwaingoja ofisi, kumbe ofisi nayo yawangoja nyinyi mlipe ada!

Maneno yaliyo karibu nalo

"Awaiting": inangoja. Hili ni karibu sawa na neno letu.
"Under review": inaangaliwa, bado inachunguzwa.
"Deferred": imeahirishwa hadi wakati mwingine.
"Suspended": ilikuwa ikiendelea, sasa imesimamishwa.
"Rejected": imekataliwa. Hili si ndugu yake hata kidogo.
"Impending": linafanana nalo kwa sauti. Maana yake ni jambo linalokaribia kutokea, mara nyingi la shari.

Kungoja kwa Kiswahili

Lugha yetu nayo ina maneno yake. Kungoja ni kukaa mpaka kitu kifike. Kusubiri kumetoka kwenye neno la Kiarabu la uvumilivu, kwa hiyo anayesubiri huzuia na moyo wake usihangaike. Kutarajia ni kungoja kwa matumaini. Wazee walituachia methali mbili: subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hazipingani. Ya kwanza ni ya mtu anayejua anangoja nini. Ya pili ni ya mtu aliyekaa tu.

Wavuvi wetu walijua hayo zamani. Kusi likivuma na bahari ikachafuka, mwenye ngalawa haendi mbali. Lakini halali. Hushona nyavu na kutengeneza chombo, kwa maana ajua kaskazi itarudi. Hata Vasco da Gama, ambaye nguzo yake ingali imesimama hapa Malindi, alingoja. Alifika Aprili 1498, akapata kwa mfalme wa Malindi rubani wa kumwonyesha njia. Kisha akaondoka tarehe 24 mwezi huohuo, na pepo za kusi zikamfikisha Calicut mwezi wa Mei.

Nayo Injili ya Mathayo, sura ya 25, yatueleza habari za wanawali kumi. Wote walingoja, na wote walisinzia. Tofauti yao ilikuwa mafuta tu.

Tufanye nini?

Mkipata barua yenye neno hili, ulizeni mambo matatu: Tunangoja nini? Kutoka kwa nani? Mpaka lini? Andikeni majibu kwenye kitabu cha kumbukumbu, pamoja na tarehe na jina la aliyejibu. Wekeni nakala ya kila karatasi. Na msikope wala kununua kitu kwa kutegemea pesa ambazo bado zinaning'inia.

Wala msiogope kuuliza, maana kuuliza si utovu wa adabu. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 47, yampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haki na bila kucheleweshwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yairuhusu barua ya kuomba habari iandikwe kwa Kiswahili, na yaitaka ofisi ya umma itoe uamuzi juu ya ombi hilo ndani ya siku 21. Mkinyimwa, mwaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, bila kugombana na mtu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kikundi chetu kina mambo gani ambayo bado yanaangoja uamuzi? Yaorodhesheni.
2. Katika hayo, ni lipi linalotungoja sisi wenyewe?
3. Nani atafuatilia kila moja, na ataleta jibu mkutano gani?
4. Tukiwa tunangoja, "mafuta" yetu ni kazi gani tunayoweza kuianza leo?